Ajali na Kinga Yake: Mafunzo ya Usalama Kazini katika Historia Yetu

Methali ni hazina ya taifa, lakini hazina yaweza kutumiwa vibaya na mwenye nayo. Miongoni mwa methali tuzisikiazo mara kwa mara viwandani, machimboni na katika karakana zetu ni ile isemayo, "Ajali haina kinga." Mtu akikatwa kidole na msumeno wa mashine, wenzake hutikisa vichwa na kuitamka. Msimamizi naye huitia katika taarifa yake, kama si kwa maneno basi kwa maana. Jambo huishia hapo: hapana aulizaye kama aliyeumia alifundishwa, wala ni nani aliyepaswa kumfundisha. Katika makala haya twakusudia kuichunguza imani hiyo, na kuonyesha kwa ushahidi wa historia kwamba wazee wetu, ambao ndio waliotuachia methali yenyewe, hawakuitegemea walipokuwa kazini.

Tuanze na neno. Ajali limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya muda uliowekwa, na hasa ule mwisho wa uhai wa mwanadamu. Washairi wa kale wa pwani yetu walilitumia kwa maana hiyo: ajali ya mtu ni siku yake ya kuondoka duniani, ambayo yu aijuaye Mungu peke yake. Kwa maana hiyo methali ni kweli tupu, kwani hapana ngao izuiayo mauti yaliyokwisha kufika. Lakini baadaye neno lilipanuka, likawa na maana ya tukio lolote la ghafula liletalo madhara: gari kupinduka, ngazi kuteleza, mkono kunaswa na mkanda wa mashine. Neno lilipohama, methali ilihama nalo, na hukumu iliyohusu mauti ikabandikwa juu ya mashine isiyo na kifuniko. Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mauti hayana kinga. Lakini msumeno una kinga, nayo ni kifuniko chake pamoja na elimu ya mtu autumiaye.

Sasa na tutazame kazi za jadi, tuone kama waliozifanya walikuwa watu wa kungoja majaliwa. Chombo cha baharini, kiwe jahazi au mashua, kiliundwa kwa zana chache: tezo, shoka, msumeno, keekee, patasi na nyundo. Tezo ina makali yaelekeayo kwa mwenye kuitumia. Asiyejua kusimama hujikata muundi. Kwa sababu hiyo mwanagenzi aliyeletwa na wazazi wake kwa fundi aghalabu hakukabidhiwa tezo siku ya kwanza. Aliokota vibanzi, alishika mbao, alitumwa maji, na muda huo wote macho yake yalikuwa yakijifunza jinsi fundi apangavyo miguu, jinsi ashikavyo mpini, na jinsi aangaliavyo nyuma yake kabla ya kunyanyua mkono. Usalama haukuwa somo la pembeni lililofundishwa siku moja kisha likasahauliwa. Ulikuwa ndio mlango wa ufundi, na asiyeupita mlango huo hakuingia ndani.

Baharini mambo yalikuwa vivyo hivyo. Tanga la jahazi hufungwa katika foromali ndefu na nzito, na chombo kigeuzapo upande, foromali hiyo huhamishwa kuzunguka mlingoti. Hiyo ni saa ya hatari, kwani upepo ukilikamata tanga kabla ya wakati, waweza kumtupa mtu majini au kumvunja mbavu. Kila baharia alikuwa na mahali pake pa kusimama na kamba yake ya kushika, na amri ilikuwa moja, ya nahodha. Aidha, palikuwa na elimu ya majira. Wakati kusi ilipokuwa na nguvu zaidi, vyombo vingi vya safari za mbali vilipumzishwa, vikakalafatiwa na kupakwa mafuta. Nahodha aliyejua kazi yake hakuona aibu kungoja.

Lugha yetu yenyewe inatunza mafunzo ya namna hiyo. Leo twasema kwamba fulani "amekalia kuti kavu", tukiwa na maana kwamba yumo katika hatari ya kuanguka kutoka cheoni au kufukuzwa kazi. Ni wangapi kati yetu wakumbukao kwamba usemi huo ulianza juu ya mnazi? Mkwezi hufundishwa kwamba kuti bichi hubeba uzito, bali kuti kavu, hata likionekana limeshika vema, huachana na shina bila ya kutoa taarifa. Basi kabla ya kuegemea hulijaribu. Somo la usalama wa wakwezi limekuwa usemi wa taifa zima, nasi twautumia kila siku bila ya kujua kwamba tunarudia mafunzo ya kazi.

Huko bara, wafua chuma wa Buhaya na wa Ufipa walizungukwa na miko mingi. Walipoyeyusha mawe ya chuma katika tanuri, walijitenga na watu, na si kila mtu aliyeruhusiwa kusogea. Hatutaki kudai kwamba kila mwiko ulikuwa kanuni ya usalama. Mingine ilihusu imani juu ya uzazi, mizimu na heshima ya ukoo. Hata hivyo miko hiyo ilikuwa na tunda moja lisilokanika: penye moto mkali hapakuwa na mpita njia, wala mtoto, wala mtu ambaye hakuandaliwa. Mwiko ulimwambia mtu kwamba mahali hapa si kama mahali pengine, na kwamba kuingia hapa kunahitaji kufundwa.

Hatusemi hayo ili kuwasifu wazee kupita kiasi. Mabaharia wengi walizama, wakwezi walianguka, na waganga wa mifupa hawakukosa kazi. Elimu ya zamani ilijua hatari za zamani tu, na ilipitia kwa mtu mmoja hadi mwingine, hata mara nyingine ilizikwa pamoja na fundi. Tusemalo ni hili: katika utaratibu ule, zana na mafunzo ya zana vilikwenda pamoja. Historia ya ajali za kazini katika nchi yetu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya jinsi viwili hivyo vilivyotenganishwa.

Utengano huo twauona wazi katika kilimo cha mkonge. Mmea huo uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche 62 tu ndiyo iliyofika hai. Kutoka katika miche hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga, ya Morogoro na ya kwingineko, hata Tanganyika ikawa miongoni mwa wauzaji wakuu wa mkonge duniani. Kazi ilihitaji maelfu ya watu, nao waliandikishwa kutoka mikoa ya mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuandikisha wafanyakazi iliyojulikana kwa jina la SILABU. Mtu alipewa namba, na kutokana na namba hizo likazaliwa jina la "manamba". Jina hilo linaeleza mengi. Mwanagenzi wa zamani alikuwa na jina, na baba, na fundi aliyewajibika kwake. Manamba alikuwa hesabu katika daftari.

Hata hivyo kazi ya mkonge si kazi ya kufanywa na asiyejua. Ncha ya jani ni mwiba mgumu uwezao kutoboa jicho, hivyo mkataji huukata kwanza kabla ya kulifunga jani katika mzigo. Utomvu wake huwasha ngozi. Na kiwandani ilikuwako korona, mashine ambayo magurudumu yake yenye vyuma hulipondaponda jani mpaka zibaki nyuzi tupu. Mashine kama hiyo haitofautishi jani na kiganja. Mgeni aliyetoka katika nchi ya mtama na ng'ombe, ambaye hakuwahi kuona mkanda wa mashine ukizunguka, alitakiwa kutimiza kipimo chake cha siku. Aghalabu mwalimu wake alikuwa ni mwenzake aliyemtangulia kwa miezi michache, na asipompata huyo, mwalimu wake alikuwa ni jeraha. Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hiyo ni ya kumwonya mkaidi aliyekwisha kuambiwa, haikukusudiwa iwe utaratibu wa kumwajiri mtu ambaye hakuambiwa neno.

Serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Viwanda mwaka 1950. Sheria hiyo ilitaka, pamoja na mambo mengine, mashine za hatari ziwekewe uzio. Ilikuwa hatua njema, nayo ilidumu miaka mingi baada ya Uhuru. Lakini sheria huandikwa kwa wino, na uzio wa mashine huondolewa kwa spana. Mfanyakazi asiyejua kwa nini uzio umewekwa huuona kuwa ni kizuizi cha kazi, naye huuondoa ili afanye haraka. Kwa hiyo sheria bila mafunzo hufika mlangoni mwa kiwanda ikasimama hapo.

Baada ya Uhuru taifa letu lilijaribu kuunganisha tena kazi na elimu. Hapa hatuna budi kukumbuka mwaka 1973, ilipofanyika kampeni ya "Mtu ni Afya". Karibu watu milioni 2 walikutana katika vikundi vya kujifunza, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho na maradhi mengine. Jambo kubwa lilikuwa hatua ya mwisho: kikundi hakikuondoka kabla ya kukubaliana kitu cha kutenda, nacho kilikuwa kuchimba choo, kufyeka majani, au kufukia madimbwi. Somo lilihesabiwa kuwa limefika pale jembe liliposhika udongo. Twaamini kwamba hicho ndicho kipimo cha mafunzo yoyote, yawe ya afya kijijini au ya usalama kiwandani.

Katika miaka hiyo hiyo ilijengwa Reli ya Uhuru, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, urefu wa kilomita 1,860. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na reli ikakabidhiwa mwaka 1976. Sehemu ngumu kupita zote ilikuwa kati ya Mlimba na Makambako, penye milima, mabonde na udongo uporomokao, ambako mahandaki na madaraja yalifuatana. Vijana wa Kitanzania na wa Kizambia walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina ambao wengi wao hawakujua Kiswahili wala Kiingereza. Basi mafunzo yalikuwa kwa vitendo: fundi alitenda, kijana akatazama, kisha kijana akatenda na fundi akatazama. Uanagenzi wa kale ulirudi kwa sura mpya, mbele ya baruti na mitambo. Hata hivyo kazi ilidai roho. Wachina zaidi ya 60 walikufa, na Waafrika wengi pia. Nje kidogo ya mji wa Dar es Salaam, huko Gongo la Mboto, yako makaburi ya baadhi ya Wachina hao. Makaburi hayo yatufundisha kwamba hata penye nidhamu na bidii, mlima hausamehe, sembuse pasipo na mafunzo.

Hatari za leo zinazidi ugumu kwa kuwa nyingi hazionekani. Foromali huonekana ikija, umeme hauonekani. Fundi atengenezapo mashine, swichi kuu yapasa kuzimwa na kufungwa kwa kufuli, na ufunguo ukae mfukoni mwake yeye mwenyewe, ili mwenzake asije akaiwasha kwa nia njema. Vumbi la mawe nalo huonekana, lakini madhara yake hayaonekani. Mchimbaji wa dhahabu apasuaye mwamba mkavu huvuta chembe ndogo mno ziingiazo mapafuni, naye hujiona mzima kwa miaka, hata pumzi ianze kukatika na kifua kikuu kipate makao. Kulowesha mwamba kabla ya kutoboa hupunguza vumbi hilo, lakini ni nani atakayebeba ndoo ya maji kwenda shimoni kwa ajili ya adui asiyemwona, kama hakufundishwa? Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 2.93 walikufa duniani kwa sababu ya kazi zao. Wengi wao, kama milioni 2.6, hawakufa kwa ajali bali kwa maradhi yaliyotokana na kazi.

Iko hatari nyingine ituumizayo zaidi, kwa kuwa hutumia wema wetu kutuua. Katika shimo la choo, katika kisima kilichoachwa, au ndani ya tangi, hewa yaweza kuwa ya sumu au isiyo na uhai ndani yake. Mtu mmoja hushuka, akaanguka. Ndugu yake humwona, akaruka kumwokoa, naye akaanguka. Wa tatu huwafuata. Huko Marekani, idara ya serikali ilitoa onyo mwaka 1986 kwamba zaidi ya watu 60 katika kila 100 waliokufa katika sehemu za namna hiyo walikuwa waokoaji. Utamaduni wetu humfundisha mtu kukimbilia ukelele wa jirani, nasi hatutaki desturi hiyo ife. Lakini ushujaa usiofundishwa huongeza jeneza la pili na la tatu. Mafunzo ndiyo yamwambiayo kijana: usishuke, vuta kwa kamba ukiwa juu, ita wenye vifaa vya kupumulia, jaribu hewa kwanza. Kumzuia mtu asimfuate ndugu yake shimoni ni jambo zito, na haliwezi kufundishwa katika dakika ile ya kilio. Lazima liwe limekwisha kuota mizizi.

Huko Mererani, mahali pekee duniani pachimbwapo tanzanaiti, mashimo hushuka chini sana, na njia za chini kwa chini hukutana, jambo ambalo wachimbaji wenyewe huliita mtobozano. Mwaka 1998, na tena mwezi wa Machi 2008, mvua kubwa iliingiza maji mashimoni, na makumi ya wachimbaji wakafa. Mtu aweza kusema kwamba mvua ni ya Mungu, nasi hatubishi. Lakini mfereji wa kuyageuza maji, ishara ya kuwatoa watu mapema, na desturi ya kutoshuka mawingu yakijikusanya, hayo ni ya binadamu, kama vile kungoja kusi ipungue kulivyokuwa juu ya nahodha.

Leo tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, na upo Wakala wa Serikali wenye jukumu la kuisimamia. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mahali pa kazi palipo salama katika orodha ya haki za msingi za mfanyakazi. Kwa hiyo hatuwezi kulalamika kwamba hatuna sheria. Tulicho nacho kidogo ni uzito wa moyo. Mara ngapi mafunzo yamekuwa ni sahihi katika daftari la mahudhurio, chai na maandazi, hotuba ndefu na picha ya pamoja? Kofia ngumu hutolewa stoo siku ajapo mkaguzi, na jioni hurudishwa. Kibarua wa siku moja hafundishwi, kwa kuwa kesho atakuja mwingine. Naye fundi mkongwe hakubali kuvaa miwani ya kazi, kwa kuwa miaka 20 hajapata kuumia. Huyo hatofautiani na mkwezi ajivuniaye kwamba hajawahi kuanguka: kuti kavu halihesabu miaka.

Wako pia waajiri waufanyao upande wa mafunzo kuwa kichaka cha kujificha. Humfundisha mtu jinsi ya kujihadhari na mashine isiyo na kifuniko, kisha akiumia humwambia, "Tulikufundisha." Huo si uungwana. Fundi wa jahazi hakumfundisha mwanagenzi kutumia tezo yenye mpini uliolegea. Aliutengeneza mpini kwanza. Mafunzo hayachukui mahali pa zana njema, bali huifuata.

Basi twaona kwamba mafunzo yenye uzito yana alama tatu, na zote tatu twazikuta katika historia yetu. Ya kwanza, hutangulia zana: mtu hapewi tezo, wala korona, wala swichi, kabla ya kujua jinsi iumizavyo. Ya pili, huishia katika kitendo: mwanafunzi hufanya mbele ya mwalimu, kama ilivyokuwa katika vikundi vya mwaka 1973 na katika reli ya Mlimba. Ya tatu, yuko mtu mwenye jina anayewajibika kwa mwanafunzi mwenye jina; kwani ambaye ni namba hafundiki, huhesabiwa tu.

Kwa walimu na wanafunzi, neno letu la mwisho ni kwamba jambo hili halingoji ajira. Maabara ina tindikali, karakana ina randa, shamba la shule lina panga na dawa za kuulia wadudu, na jiko la shule lina sufuria kubwa za maji yachemkayo. Hapo ndipo pa kuanzia. Mwalimu amwambiaye mwanafunzi avae miwani kabla ya kugusa tindikali, kisha yeye mwenyewe akaivaa, anafanya kazi ile ile aliyoifanya fundi wa pwani alipoipanga miguu yake mbele ya mwanagenzi. Na mwanafunzi asikiapo mtu akisema kwamba ajali haina kinga, amwulize kwa adabu ni ajali ipi aizungumziayo: ile iliyo mikononi mwa Mungu, au hii iliyo mikononi mwetu?